Njiwa Hurudi Kwao. Na Mtu Je?

Miongoni mwa maneno yanayosikika mara kwa mara katika mazungumzo ya watu wetu, hapa Kanengo na kule Dzaleka, ni haya: hata njiwa hurudi kwao. Mzee aliyetoka Uvira au Bujumbura huyasema kwa hamu ya kuuona mlango wa nyumba yake kabla hajafa. Lakini maneno hayo hayo husemwa na mtu mwingine kwa nia nyingine. Husemwa na mwenyeji aliyechoka na mgeni, kana kwamba anamwuliza: ikiwa ndege asiye na akili hurudi kwao, wewe wangoja nini? Kwa yule wa kwanza maneno haya ni dua. Kwa huyu wa pili ni amri. Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha lugha hatuwezi kuupita msemo wa namna hii pasipo kuuchungua, maana hoja iliyomo ndani yake ni nzito. Inadai kwamba maumbile yamemwekea kila kiumbe mahali pamoja pa kurejea, na kwamba asiyerejea huko huenda kinyume cha maumbile. Makala haya yanakusudia kuuliza kama hoja hiyo ni ya kweli.

Yafaa kwanza tukumbushane tunasema tukiwa wapi. Kanengo iko upande wa kaskazini wa mji wa Lilongwe, penye viwanda na minada ya tumbaku, na barabara kuu ya kwenda Kasungu na Mzuzu hupita hapo. Anayeifuata barabara hiyo huingia wilaya ya Dowa, na huko ndiko iliko Dzaleka. Zamani za utawala wa Kamuzu Banda pale palikuwa na gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi. Palitengwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao Wakongo, na pamoja nao Warundi, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, ibadani na katika foleni za maji. Mwezi wa Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini na vijijini warudi kambini, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwaondoa. Nasi katika kuisimulia habari hiyo tulitumia kitenzi kile kile: kurudi. Mtu aliyekwisha kukaa miaka kumi mjini, mwenye duka na watoto shuleni, aliambiwa "arudi" mahali ambapo hakuzaliwa wala hakuchagua. Basi kitenzi hiki kimekuwa na pande nyingi, na ndiyo sababu nyingine ya kukichungua.

Tuanze na njiwa mwenyewe, maana ndiye shahidi aliyeitwa. Ni kweli kwamba hurudi. Kila mfugaji ajua kwamba njiwa aliyenunuliwa leo akiachiwa kesho hurejea kwa mwenyewe wa kwanza, na hasara ni ya mnunuzi. Kadhalika paka: watu humtia guniani ili asiione njia, wakampeleka mbali, na baada ya siku kadhaa akaonekana tena jikoni. Wataalamu wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Mjerumani Gustav Kramer, katika miaka ya 1950, aligawanya swali mafungu mawili. Alisema kwamba kiumbe anayerudi kwao huhitaji vitu viwili: ramani ya kumjulisha yuko wapi, na dira ya kumwonyesha upande wa kwenda. Mwenye dira bila ramani ajua kaskazini ni wapi, lakini hajui kama kwao ni kaskazini au kusini. Mwenye ramani bila dira ajua kwao ni wapi, lakini hajui aelekee upi.

Dira ya njiwa imefahamika kwa kiasi kikubwa. Mchana wa jua hulitumia jua, akilipima kwa saa aliyo nayo mwilini. Siku ya mawingu huitumia nguvu ya sumaku ya dunia. Mmarekani William Keeton alionyesha mwaka 1971 kwamba njiwa waliofungwa vipande vya sumaku hupotea siku ya mawingu, ilhali siku ya jua hawapotei. Ramani yake ndiyo iliyo na ubishi zaidi. Mwitalia Floriano Papi na wenzake, tangu mwaka 1972, walionyesha kwamba njiwa asiyeweza kunusa hupata taabu kubwa ya kurudi, kwa hiyo huenda ramani yake imechorwa kwa harufu zinazoletwa na upepo. Na huko Uingereza, mwaka 2004, ilionekana kwamba njiwa wazoefu hufuata barabara za magari kutoka juu, wakikata kona mahali zinapokata. Kwa ufupi, njiwa hana ufunguo mmoja wa siri. Anayo mambo kadhaa aliyojifunza, na anapokosa moja hulishika jingine.

Hapa tumekwisha kupata jambo la kwanza la kutufaa. Ramani ya njiwa si kitu alichozaliwa nacho. Kinda aliyelelewa Dowa hujifunza harufu za upepo wa Dowa. Ukimchukua angali kinda kabla hajaruka, ukamlea Lilongwe, atakuwa njiwa wa Lilongwe, na siku utakapomwachia hatawafuata wazazi wake Dowa. Wafugaji walijua hivyo kabla ya wataalamu, ndiyo maana hupenda kununua makinda.

Shahidi wa pili ni mdogo kuliko njiwa, lakini ushahidi wake ni mzito zaidi. Katika jangwa la Tunisia wako sisimizi watokao shimoni mwao kutafuta chakula, wakizunguka huku na huku. Mmoja wao apatapo punje hageuki kuzifuata hatua zake alizokuja nazo, bali hukata moja kwa moja hadi shimoni. Yasemekana huweka hesabu: upande huona kwa jua, na umbali huuhesabu kwa hatua. Mwaka 2006 watafiti waliwafunga baadhi ya sisimizi hao magongo miguuni, yaliyofanywa kwa nywele za nguruwe, baada ya kufika penye chakula. Kwa kuwa hatua zao zilikuwa zimerefuka, walilipita shimo lao wakaanza kulitafuta mbele. Wengine walipunguzwa miguu. Hao wakasimama kabla ya kufika. Tena imejulikana kwamba sisimizi akiinuliwa penye chakula na kuwekwa mahali pengine, hufuata hesabu yake bila kupunguza wala kuzidisha, mpaka afike mahali ambapo nyumba yake ingekuwapo kama hakuna aliyemwinua. Hapo huanza kuzunguka akitafuta.

Tumeyatafakari sana mafundisho ya sisimizi huyu. Hesabu yake haikukosea. Kilichokosea ni kwamba kuna mkono uliomwinua, na hesabu yake haina nafasi ya mkono. Anajua njia aliyoitembea kwa miguu yake, wala hajui njia aliyochukuliwa. Na watu wetu wengi hawakuja huku kwa miguu ya hiari yao. Walisukumwa na vita, wakavuka mipaka miwili au mitatu, wengine wakiwa migongoni mwa mama zao. Wapo waliokuja kurudi baadaye, wakafika mahali palipokuwa nyumba yao kwa hesabu iliyo sahihi kabisa, wakakuta nyumba haipo. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wanalijua jambo hili. Baadhi yao waliporejea Burundi, hasa pande za Rumonge, walikuta mashamba yao yamekaliwa na wengine kwa zaidi ya miaka thelathini. Na hao wengine nao walikuwa na watoto waliozaliwa humo. Kurudi kulikuwa sahihi, mahali palikuwa pale pale, lakini "kwao" hakukuwapo tena kwa namna walivyokuacha.

Shahidi wa tatu ni kwezi wa Ulaya. Kati ya miaka ya 1940 na ya 1950 Mholanzi Perdeck na wenzake walikamata kwezi zaidi ya 11,000 karibu na The Hague, wakati wa majira ya kuhama, wakawasafirisha kwa ndege hadi Uswisi na kuwaachia huko. Katika kundi walikuwamo wakubwa waliokwisha kuhama kabla, na wadogo ambao hiyo ilikuwa safari yao ya kwanza. Wakubwa waligeuza mwendo, wakaelekea kule walikozoea kukaa wakati wa baridi, kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Wadogo hawakugeuza. Walishika upande ule ule ambao wangeushika kama wangaliachwa Uholanzi, na hivyo wakaangukia kusini mwa Ufaransa na Hispania, nchi ambazo wazazi wao hawakuzijua. Na miaka iliyofuata vijana hao, walipokuwa wakubwa, walirudi Hispania kila baridi, kwa kuwa ndiko walikojifunza.

Msomaji bila shaka amekwisha kuona tunakoelekea. Wazazi wa Dzaleka ni kwezi wakubwa: wanayo dira na ramani. Watoto waliozaliwa hapa, na wengine wao sasa wana watoto wao, wamepewa dira tu. Wameambiwa, "Kwetu ni huko Fizi," nao wameelekeza nyuso zao huko. Lakini harufu za upepo walizojifunza ni za Dowa, moshi wa matofali na mahindi mabichi ya mwezi wa Februari. Mtu akimwambia kijana kama huyo arudi kwao, amwambie kwanza ni wapi. Si haki kumlaumu kwa kukosa ramani ambayo hakuna aliyempa, wala si haki kumkataza kuitumia ile aliyojichorea mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba tunawasikiliza wanyama tunapopenda, na kwamba mtu si mnyama. Pingamizi hili lina uzito, nasi twalipokea. Njiwa hahukumiwi kwa kurudi wala kwa kutorudi. Kitendo chake hakina deni. Mtu ana deni: anaweza kuahidi, anaweza kuwaacha wazee wake wakamngoja, anaweza kuliacha kaburi la babaye bila wa kulipalilia. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, wala hawakusema hivyo kuhusu ndege. Lakini pingamizi hili linawakata wote wawili. Ikiwa mtu si mnyama, basi yule mwenyeji hana haki ya kumwita njiwa awe shahidi dhidi ya mgeni wake. Ama wanyama wanatufundisha, na tumeona kwamba wanafundisha kuwa nyumbani hujifunzwa. Ama hawatufundishi, na hoja yake inaanguka yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo pingamizi hilo hulisahau. Katika kurudi hakuna mtu mmoja tu. Wako na wale wanaokutwa. Mwaka 2005 tembo 150 walihamishwa kutoka Shimba Hills, kusini mwa pwani ya Kenya, wakapelekwa Tsavo Mashariki, kwa kuwa walikuwa wengi na wakulima walikuwa wakiumia. Baadhi yao walirejea. Karibu na sisi hapa, mwaka 2022, tembo 263 walitolewa Liwonde, kusini mwa Malawi, wakapelekwa Kasungu, ambako ujangili ulikuwa umewapunguza mno tembo wa asili. Kusudi lilikuwa jema kwa hesabu ya tembo. Lakini wakulima wa kandokando ya hifadhi, upande wa Malawi na upande wa Zambia, waliona tembo wakitoka na kuingia mashambani, na watu kadhaa wamepoteza maisha. Hatusemi kwamba tembo hao wote walikuwa wakitafuta njia ya Liwonde. Wengi walifuata mahindi. Twasema kwamba tembo hakuulizwa, na mkulima naye, kwa kadiri ya malalamiko yaliyosikika, hakuridhika kwamba ameulizwa. Anayemhamisha kiumbe huchukua deni kwa pande mbili: kwa yule aliyemhamisha na kwa wale aliowaletea. Deni hilo haliishi siku gari linaposhusha mzigo.

Sasa tumekaribia kiini cha swali. Kama nyumbani hujifunzwa, je, tuseme kwamba mtu aliyekwisha kuzoea Dzaleka amepoteza haki ya kwao kwa kale? Hasha. Hili nalo lingekuwa kosa, tena la hatari, maana lingewafaa sana wale waliomfukuza. Wangesema, "Mwacheni, amekwisha zoea huko." Mazoea ya aliyenyang'anywa hayampi haki mnyang'anyi. Haki ya kurudi hubaki hata kwa yule ambaye haitumii, kama vile mlango unavyobaki mlango hata siku ambayo hakuna apitaye.

Basi tutajuaje ni wapi kwao mtu? Jibu tumelipata kwa wafugaji wa njiwa. Mnunuzi wa njiwa mkubwa humfungia ndani majuma kadhaa, akimlisha na kumnywesha. Je, siku hizo njiwa amekubali makao mapya? Hakuna ajuaye. Hakuna hata siku moja, wakati mlango umefungwa, ambapo mfugaji anaweza kusema kwamba ndege huyu ni wake. Njia ya kujua ni moja tu: kufungua. Akifungua, mmoja ataruka azunguke mara tatu na kupotea upande wa kwao kwa kale. Mwingine ataruka azunguke, na jioni atatua juu ya paa. Wote wawili wamesema kweli. Lakini yule aliyefungiwa hajasema neno.

Historia ya karibu yetu inathibitisha hivyo. Malawi iliwahi kuwapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja wakati wa vita vyao. Amani ilipotiwa sahihi Roma, Oktoba 1992, mlango wa kwao ulifunguka, nao katika miaka michache iliyofuata wakaondoka kwa maelfu, wengi wao kwa miguu yao wenyewe, bila ya kuhimizwa sana. Ramani walikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa ni mlango. Tanzania nayo mwaka 2007 iliwauliza Warundi wa mwaka 1972 waliokuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo: mwataka kurudi Burundi au mwataka uraia hapa? Kiasi cha mmoja katika kila watano alichagua kurudi, na wanne wakachagua kubaki. Na mwaka 2014 watu takriban 162,000 walipewa uraia. Hakuna mtu ambaye angeweza kukisia hesabu hiyo kabla ya kuuliza, hata awe mjuzi kiasi gani wa mioyo ya watu. Ilijulikana kwa sababu milango miwili ilifunguliwa kwa wakati mmoja, wa mbele na wa nyuma. Mlango mmoja ukifunguliwa peke yake hautoi jibu la kuaminika: anayetoka katika nyumba isiyokalika hajachagua aendako, na anayebaki kwa sababu kwao kunawaka moto hajachagua anapokaa.

Kwa hiyo tunaona kwamba swali, "Kwa nini hurudi kwenu?" halina haki ya kuulizwa mpaka litanguliwe na maswali mengine mawili: je, kwenu kupo? na je, hapa umeachiwa kukaa kiasi cha kuweza kuondoka kwa hiari?

Tungependa kumalizia kwa jambo lihusulo kazi yetu. Lugha zetu zimelitafakari suala hili kabla yetu. Kiswahili kina neno nyumbani, lenye nyumba ndani yake. Lakini mtu akitaka kutaja asili yake hasemi nyumbani, husema kwetu. Katika neno hilo hamna nyumba, hamna mlima wala mto. Muna watu tu, na kile kiambishi ku- cha mahali pasipo na mipaka. Wenyeji wetu Wachewa nao husema kwathu, neno lile lile kwa sauti nyingine, na mtoto wa Dzaleka hulielewa mara anapolisikia. Nayo methali ya mabaharia, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, tumezoea kuifasiri kwamba kila mtu mwisho hurudi kwao. Tafsiri hiyo ni sawa, ila tusisahau ngama ni nini. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini ndani yake, panapokusanyika maji yavujayo, ambapo mabaharia hulazimika kushuka wakayachote. Zote tatu zimo katika chombo kimoja, na chombo chenyewe kimo safarini. Marejeo yanayosemwa hapo si ya bandari. Ni ya mahali pa kazi, penye watu wa chombo kile, popote kitakapokuwa.

Mwalimu wa Kiswahili wa Dzaleka, basi, asidhani kwamba kazi yake ni kumfundisha mtoto kulilia mahali asipopaona, wala asidhani kwamba ni kumsahaulisha. Amfundishe majina ya vijiji na mito ya wazazi wake, ili siku mlango ukifunguka awe na ramani. Amfundishe pia kuandika vizuri habari za Dowa, mahali alipo, kwa lugha yake, kwa kuwa hii nayo ni ramani na huenda ndiyo atakayoihitaji. Uchaguzi autende mwenyewe. Na yeyote atakayetuambia tena kwamba hata njiwa hurudi kwao, tumjibu kwa adabu kwamba ni kweli, kisha tumwombe afungue mlango wa banda.